Kyoto inataka kubishiwa hodi

Bibi yangu aliyenilea Ngamiani, Tanga, hakuwa mtu wa kugombeza ovyo. Lakini kosa moja hakulivumilia: mtoto kuingia nyumba ya watu bila hodi. Hata mlango uwe wazi. Hata uwe umetumwa bakuli la mbaazi kwa jirani unayemwita mama. Unabisha hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitika mtu, unageuza na bakuli lako, na mbaazi zikipoa zipoe.

Nilimkumbuka Februari 2025, jioni moja ya baridi kali, nimesimama peke yangu kwenye kichochoro cha Kyoto, begi mgongoni, mbele ya mlango wa mbao wa kusukuma pembeni. Hapakuwa na kengele. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni niliyokwisha kuilipia siku tatu, lakini kwa nje ilifanana na nyumba nyingine zote za mtaa ule na sikujua niingie vipi. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba ya pili akaniona ninavyohangaika. Akaja, akasukuma mlango kiasi cha kupitisha uso, akaita kwa sauti ya kuvuta: "Gomen kudasaai!" Kutoka ndani kabisa, sauti ya mwanamke ikaitika.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma darasani, na mwalimu alituambia maana yake ni kuomba radhi. Pale mlangoni nikayaelewa upya. Ile ilikuwa hodi. Hodi yenyewe, yenye mvuto uleule mwishoni, inayoulizwa na aliye nje na kujibiwa na aliye ndani. Na ukishakaribishwa, unapovua viatu pale chini mlangoni, unasema neno jingine, "ojama shimasu", ambalo kwa Kiswahili chetu ni kama kusema: nakuja kuwasumbua.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tangu nirudi nabishana na pande mbili. Upande mmoja ni jamaa zangu wa Tanga, wanaoona kwamba msichana kwenda peke yake kwenye mji asikomjua mtu ni utovu wa akili. Upande wa pili ni wanafunzi wenzangu huku Japani, wanaosema Kyoto imewachoka wageni, imejaa makatazo na faini, na mtu mweusi mwenye mtandio kichwani atafute pa kwenda pengine. Wote nawajibu kwa jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Kyoto imewachoka wanaoingia bila hodi. Na mtu hajifunzi kubisha hodi akiwa amejificha katikati ya kundi.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji mjini Nagoya, kwa ufadhili wa serikali ya Japani. Posho inatosha kodi na chakula, na ukijibana kinabaki kidogo. Vyuo vya huku hufunga mwezi Februari na Machi. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda Kyoto na wenzangu tisa kwa siku moja. Tulipita mahekalu matano. Ninachokikumbuka cha siku ile ni kuhesabiana kwenye kituo cha basi, nani yupo, nani kapotea, na picha mia mbili ambazo sijui ipi ni ya hekalu lipi. Mara hii nilipanda treni za kawaida, nikabadilisha Ogaki na Maibara, safari ya saa mbili na ushee kwa karibu nusu ya nauli ya treni ya kasi, Shinkansen, nikafika nikiwa sina wa kumfuata wala wa kumsubiri.

Nyumba niliyofikia ni ya kizamani, aina inayoitwa machiya. Mbele ni nyembamba, upana wa chumba kimoja, lakini ndani inakwenda, chumba baada ya chumba, mpaka kwenye kiua kidogo chenye mti mmoja na beseni la jiwe. Wenyewe huiita kitanda cha mkunga, kwa jinsi samaki yule alivyo mrefu na mwembamba. Ukutani kwa nje palikuwa na ubao wenye bawaba, unaoushusha ukawa benchi, ukimaliza unauinua. Mama mwenye nyumba alinieleza kuwa zamani wafanyabiashara walipanga bidhaa juu yake mchana, na jioni za joto watu wakakaa hapo kupunga upepo na kuzungumza na wapita njia. Nilimwambia kwetu Uswahilini nyumba zinajengwa na kitu hichohicho, ila sisi tunakijenga kwa saruji na hakiinuki. Tunakiita baraza. Alilirudia neno hilo mara tatu mpaka likakaa sawa mdomoni.

Usiku uleule nilikosea. Kwenye ujia wa ndani niliwekewa ndala, nikazivaa, nikaingia nazo chumbani, nikakanyaga tatami, ile mikeka minene ya nyasi inayotandikwa sakafu nzima. Yule mama hakupaza sauti. Alipiga magoti, akazichukua ndala, akazipanga mlangoni pande za mbele zikielekea nje, tayari kwa mimi kuzivaa nikitoka. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mikeka ile mtu analalia na kulia chakula. Nani kwetu angekanyaga msala wa bibi kwa ndala? Sheria ile nilizaliwa nayo, nikaisahau kwa kuwa nilikuwa ugenini na nilidhani ugenini mambo yote ni mapya.

Asubuhi ya kwanza niliswali Alfajiri chumbani, nikashindwa kulala tena. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaabani kasoro siku chache, na nilikuwa nataka kuuanza mwezi wa Ramadhani nikiwa nimeona kitu. Nikatoka gizani. Mtaa mzima ulikuwa umelala isipokuwa nyumba moja ya kona, dirishani mvuke ukitoka kama wa sufuria ya shughuli. Lilikuwa duka la tofu. Nikasimama mlangoni, nikakusanya moyo, nikaita kama nilivyofundishwa jana yake: "Gomen kudasai." Bibi mmoja mwenye buti za mpira akageuka, akanitazama, akasema "dōzo", yaani karibu.

Nataka nieleze nilichokiona mle ndani, maana ndicho kilichoniweka sawa na mji ule. Soya zilikuwa zimelowekwa usiku kucha mpaka zimevimba. Zikasagwa na maji, zikatoka uji mzito mweupe. Uji ukachemshwa, ukafura povu, bibi akawa analituliza. Kisha mumewe akaumimina kwenye kitambaa, wakaukamua. Upande huu likatoka tui. Upande ule likabaki machicha. Sina maneno mengine ya kulieleza jambo lile, kwa sababu nimekaa miaka kumi na mitano kwenye kibao cha mbuzi nikikuna nazi na kukamua kwa kifumbu, na mikono ya wale wazee ilikwenda kama mikono ya nyumbani kwetu. Machicha yao wanayaita okara, nayo hayatupwi, yanapikwa na mboga. Tui la soya likatiwa nigari, yaani yale maji machungu yanayobaki chumvi ya bahari ikishaondolewa, likaachwa litulie, likaganda. Babu akazamisha mkono ndani ya beseni la maji baridi, akalipokea donge lililogandamana kama mtu anavyopokea kitoto kichanga, akalikata humohumo majini, kisu kikishuka mpaka kwenye kiganja bila kukigusa.

Nikauliza kuna nini zaidi ndani yake. Soya, maji, nigari, akasema bibi, akinihesabia kwa vidole. Nikauliza maji ni ya wapi, hilo likiwa ni swali la kazi yangu. Babu akakanyaga sakafu mara mbili kwa kisigino. Yalikuwa ya kisima, yapo chini palepale. Bonde la Kyoto limezungukwa na milima pande tatu na lina maji mengi ardhini, maji laini yasiyo na chokaa nyingi, na tofu kwa sehemu kubwa ni maji tu yaliyoshikiliwa na soya. Maji yakiwa mabaya hakuna pa kuficha. Mji huu ulifanywa makao ya mfalme mwaka 794, ukabaki hivyo zaidi ya miaka elfu moja, ukajaza mahekalu ya Kibuddha ambayo watawa wake walikuwa hawali nyama wala samaki. Watawa wakahitaji kitu cha kuwashibisha, na jirani mwenye kisima kizuri akakikamua. Nimesoma vitabu kadhaa vya historia ya Kyoto na hakuna kilichonieleza hilo waziwazi kama kisigino cha yule mzee.

Walinikatia kipande, wakaninyunyizia chumvi kidogo, nikala nimesimama, kingali cha moto. Kilikuwa na utamu wa mbali sana, kama wa tui la kwanza. Bibi alitaka kukataa pesa. Nikaziacha.

Kwa Mwislamu, chakula cha Japani kina mtihani wake, na si nguruwe pekee. Pombe ya mchele na mirin, ambayo ni pombe tamu ya kupikia, huingia kwenye michuzi mingi ambayo kwa macho haina neno. Chakula cha watawa, shojin ryori, kwa mtu kama mimi ni faraja, kwa kuwa hakina nyama na supu yake inatokana na uyoga mkavu na kombu, mwani mpana unaovunwa bahari ya kaskazini. Hata hivyo lazima uulize, kwa sababu mirin inaweza kuwamo. Nilikuwa nimeandika swali langu kwenye kadi kwa Kijapani. Karibu na hekalu la Nanzen-ji, mahali wanapochemsha tofu kwenye chungu mezani mbele yako, mhudumu aliisoma kadi, akaenda jikoni, akarudi na kalamu. Akaniandikia orodha ya kila kilichomo katika kila kibakuli, akakata viwili kwa mstari, akavibadilisha. Nilipokuja na wenzangu tisa hatukuuliza chochote. Tulikula mkate wa duka la stesheni, kisha tukasema Kyoto hakuna chakula chetu.

Na mwani ule nauwazia mpaka leo. Wanawake wa pwani ya kwetu, Tanga na Unguja, wanalima mwani, wanaukausha kwenye majamvi, wanauza, unakwenda zake nje. Sijawahi kuuona kwenye sahani ya Mtanga. Huku ndio mama wa kila supu.

Kuna jambo jingine la samaki lililonifurahisha kupita kiasi. Kyoto haina bahari. Kwa karne nyingi samaki walitoka ghuba ya Wakasa, upande wa kaskazini, wakavushwa milima kwa mabega ya wachukuzi, kiasi cha kilomita 70 hadi 80. Wengi wao walikuwa vibua, waliotiwa chumvi kulekule pwani ili wasiharibike, na walipofika mjini chumvi ilikuwa imekolea sawasawa. Njia ile mpaka leo inaitwa Saba Kaido, barabara ya vibua. Kibua kwa Kijapani ni saba. Nilipoliona neno hilo kwenye kibao cha duka la soko la Nishiki nilidhani nasoma Kiswahili. Wanamlaza juu ya wali uliotiwa siki, wanamgandamiza, wanamfunga kwa kombu, na kwa desturi ni chakula cha sikukuu. Mche mzima bei yake ni kubwa kwa mwanafunzi, nikauliza vilivyomo, nikanunua vipande viwili. Chumvi, siki, mafuta ya samaki yaliyotulia. Nikaiona ng'onda ya bibi, ile ya kuning'inizwa jikoni kwa ajili ya siku ambazo mvua ya masika imezuia ngalawa kutoka. Watu wa mbali na bahari na watu wa pwani wamefikia suluhisho lilelile.

Soko hilo la Nishiki ni uchochoro mmoja wenye paa, mita 390, maduka yamebanana pande zote mbili. Vibao vinaomba watu wasile huku wakitembea. Wageni wengi wanalalamikia hilo. Mimi sikuona tabu. Kwetu pia mtu mzima anayetafuna njiani bibi angemtazama. Nilimwuliza muuza achari naweza kulia wapi vibua vyangu, akanivutia kigoda ndani ya duka lake, katikati ya mapipa ya maboga na tanipu zilizokatwa nyembamba kama karatasi, akaendelea na wateja wake. Nikala kwa nafasi, nikasaidia kumfungia mteja mmoja mfuko.

Siku ya pili ilikuwa tarehe 21, na kwa hilo nilikuwa nimejipanga. Kila mwezi tarehe hiyo huwa na soko ndani ya uwanja wa hekalu la Toji, kumkumbuka Kukai, mtawa aliyekabidhiwa hekalu hilo mwaka 823 na kufariki tarehe 21 ya mwezi wa tatu mwaka 835. Juu ya mabanda umesimama mnara wa ghorofa tano, karibu mita 55, wote wa mbao, uliojengwa mwaka 1644 baada ya ile ya kabla yake kuungua. Chini yake watu wanauza visu, miche ya maua, matunda ya Kijapani yaliyokaushwa, wanayoyaita kaki, kimono kuukuu, vikombe visivyo na jozi. Bibi anapatana bei ya figili, kisha anaweka kikapu chini, anakwenda kuwasha ubani, anafumba macho, anarudi kwenye figili yake. Nilimnunulia mama kitambaa cha mraba cha kufungia mizigo. Muuzaji alinionyesha namna tatu za kukifunga. Nami nikavua kanga niliyokuwa nimejitanda mabegani kuzuia baridi, nikamwonyesha mbili za kwetu.

Sasa nimjibu mjomba, aliyeniuliza kwenye simu mbele ya mama: unakwenda kutazama masanamu? Ndiyo, mjomba. Nilikwenda Sanjusangen-do, ukumbi wa mbao wenye urefu wa mita 120 uliojengwa upya mwaka 1266, ambamo mmesimama sanamu 1,001 za Kannon, ambaye kwao ni mwenye huruma. Nilivua viatu. Kupiga picha hakuruhusiwi, kwa hiyo kila mtu alikuwa ametulia, macho yakifanya kazi. Sikupiga magoti, sikuwasha ubani, na hakuna aliyenitaka nifanye hivyo. Nilisimama kando kama Mkristo wa Ngamiani anavyokuja kwenye maulidi ya jirani, akaketi, akala biriani, akarudi kwake akiwa Mkristo. Imani yangu ilitoka mle kama ilivyoingia. Kilichoongezeka ni kwamba sasa nikimwona mzee wa Kijapani akiinamisha kichwa, najua anainamia nini.

Na kitu kilichonigusa kuliko vyote hakikuwa sanamu. Kilikuwa kamba. Karibu kabisa na stesheni ya Kyoto kuna hekalu la Higashi Hongan-ji, ambalo kuingia ni bure. Liliteketea kwa moto wa vita mwaka 1864. Walipoanza kulijenga upya mwaka 1880, magogo ya kujengea ukumbi mkuu, mojawapo ya majengo makubwa ya mbao duniani, yalikuwa mazito kiasi kwamba kamba za kawaida zilikatika. Ndipo wanawake waumini wa mikoani wakakata nywele zao, zikasokotwa pamoja na katani, zikapatikana kamba za kuvutia magogo yale. Kazi ilimalizika mwaka 1895. Kamba mojawapo imehifadhiwa, imeviringishwa ndani ya kabati la kioo kwenye ujia kati ya kumbi mbili. Nene kama mkono wangu, nyeusi, na ukisogea karibu unaona kuna nyuzi za kijivu pia, za vikongwe. Nilisimama pale na nywele zangu nilizozifunika. Mabibi wawili wa Kijapani walikuwa wakitazama nami. Mmoja akauliza kwa upole kama mtandio wangu ni wa baridi au wa dini. Wa dini, nikasema. Akaitazama kamba, akanitazama mimi, akagusa nywele zake fupi nyeupe, akaitikia kwa kichwa. Hatukusema zaidi. Sidhani kama wangenisemesha ningekuwa na watu tisa nyuma yangu.

Jioni hiyo nilipita Gion, na hapo nikaona upande wa pili. Msichana mmoja wa maiko, wale wanaojifunza kazi ya ngoma na kukaribisha wageni kwenye nyumba za chai, alitokea kwenye mlango mdogo akikimbilia kazini, viatu vya mbao vikigonga mawe. Kundi la watu kama thelathini, bendera ya kiongozi wao ikiwa juu, likamzingira. Simu zikainuliwa. Mmoja akamshika mkono wa kimono ili ageuke. Hakugeuka, alijichomoa na kukimbia. Alikuwa na umri wa mdogo wangu.

Mtaa ule ulikataza picha kwenye vichochoro vyake binafsi mwaka 2019, kwa faini ya yen 10,000, na mwaka 2024 ukaanza kuvifunga kwa watalii. Kuna wanaouita ubaguzi. Mimi nauita mlango. Kyoto ina wakazi wasiozidi milioni moja na nusu, na mwaka 2024 Japani nzima ilipokea wageni wa nje zaidi ya milioni 36, ambao mamilioni kati yao hawako tayari kuondoka bila kuiona Kyoto. Wenyeji wanakosa nafasi kwenye basi la kwendea hospitali kwa sababu ya masanduku ya watalii. Vichochoro vile ni nyua za watu. Wangekuja watu thelathini Ngamiani, wakamkimbiza dada yangu kwa simu akienda madrasa, tusingewapiga faini. Tungewapiga.

Lakini na mji wenyewe nina la kuuambia. Vibao vya makatazo nilivihesabu mpaka nikachoka: usiguse, usiketi, usile, usipige picha, kwa lugha tano. Sikuona hata kimoja kinachomfundisha mgeni kusema "gomen kudasai", na ni maneno mawili tu. Mzee mwenye ufagio alinifundisha kwa nusu dakika, na kila mlango niliofunguliwa baada ya hapo, wa tofu, wa achari, wa jikoni Nanzen-ji, ulifunguka kwa maneno hayo. Mji unaofundisha kukataza bila kufundisha kuomba unawaacha hata wenye nia njema wamesimama nje, hawajui waanzie wapi.

Siku ya mwisho nilipanda mlima wa Fushimi Inari kabla ya jua, chini ya malango mekundu yanayofika kiasi cha elfu kumi, yamesogezana kama mbavu. Kupanda huoni kitu ila rangi. Kushuka unaona maandishi, kwa kuwa kila lango limeandikwa kwa nyuma jina la aliyelitoa na tarehe: duka, kampuni, familia. Mengine yameoza miguuni na yanangoja kubadilishwa. Bondeni nikanunua wali uliofungwa ndani ya tofu ya kukaanga, chakula ambacho wanasema mbweha wa mahali pale wanakipenda, nikaenda kukamata treni.

Sisemi kila mji duniani msichana aende peke yake. Japani ni nchi yenye usalama mkubwa na nilichukua tahadhari: mama alikuwa na anwani ya nyumba, na kila siku baada ya Isha nilimpigia. Ninachokipinga ni dhana kwamba kundi ni ulinzi na upweke ni hatari, basi. Ndani ya kundi tuliongea Kiswahili na Kiingereza chetu, tukala chetu, tukacheka vyetu, na mji ukapita pembeni kama picha dirishani. Peke yangu nilikuwa sina budi kuomba: njia, maji, kigoda, maelezo ya chakula. Anayeomba anatazamwa usoni na anatazama usoni.

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita. Ameweka akiba yake mwenyewe ya kusuka nywele watu, anataka kwenda Kilwa Kisiwani peke yake, siku nne, auone msikiti mkuu na ale samaki wa kule. Kikao cha familia kimekataa. Mjomba, najua unasoma gazeti hili kila Jumapili, kwa hiyo nakuomba hapa mbele ya watu: mruhusu. Anwani atakuachia, simu atapiga. Na hodi alifundishwa na bibi yuleyule aliyenifundisha mimi.